Kuandaa Nafasi Salama ya Mtoto Kambini

Kituo rafiki kwa watoto ni eneo lililotengwa ndani ya kambi au makazi ya wakimbizi, ambamo watoto hukutana kwa saa maalumu chini ya uangalizi wa watu wazima waliopata mafunzo, ili wacheze, wajifunze na wapumzike, na wale wanaohitaji zaidi waunganishwe na huduma nyingine kama vile matibabu, utafutaji wa ndugu au ulinzi wa kisheria. Jina hilo lilianza kuenea katika shughuli za UNICEF wakati wa vita vya Kosovo mwaka 1999, miongozo ya pamoja ya mashirika ikatolewa mwaka 2011, na Viwango vya Chini vya Ulinzi wa Mtoto katika Shughuli za Kibinadamu, vilivyotangazwa mwaka 2012 na kupitiwa upya mwaka 2019, vimeipa kiwango chake chenyewe kazi ya kuwakusanya watoto kwa shughuli za pamoja. Msingi wa kisheria ni wa zamani zaidi kuliko jina: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unatambua katika ibara ya 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na katika ibara ya 22 unamtaja mtoto mkimbizi waziwazi, kama ufanyavyo pia Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 katika ibara ya 23.

Mwongozo huu unamlenga mwandaaji wa kituo cha namna hiyo, awe ofisa wa shirika, ofisa ustawi wa jamii, mhandisi wa kambi au kiongozi wa wakimbizi aliyekabidhiwa kiwanja na fedha kidogo. Mifano mingi imetolewa kwenye kambi za mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, yaani Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo, pamoja na Nduta wilayani Kibondo na Mtendeli wilayani Kakonko, ambazo zilipokea Warundi baada ya machafuko ya mwaka 2015. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba kituo hupangwa kuanzia kwenye saa na njia za mtoto, kisha hufuata watu watakaokaa naye, na jengo huja mwisho, ingawa bajeti nyingi huandikwa kwa mpangilio ulio kinyume, pengine kwa sababu jengo hupigwa picha na njia haipigwi.

Siku ya mtoto

Kabla ya kuomba kiwanja, mwandaaji anapaswa kujua watoto wa kambi hiyo wanaitumiaje siku, maana mtoto mkimbizi si mtu aliyekaa bure akisubiri kuletewa michezo. Asubuhi huchota maji, na kwa kuwa foleni ya bomba hufuata saa za pampu, ndoo huweza kumshika mpaka jua likawa kali. Shule nyingi za kambini huendeshwa kwa zamu mbili kwa sababu madarasa hayatoshi, hivyo kundi moja huwa huru asubuhi na kundi jingine mchana. Na siku ya mgao, yaani siku ambayo familia hupokea chakula chake, nyumba nzima huhamia kwenye kituo cha ugawaji, ambapo mtoto mkubwa husaidia kubeba mzigo au huachwa nyumbani kulinda vyombo. Kutafuta kuni nje ya mipaka ya kambi kumekuwa kwa miaka mingi mojawapo ya nyakati ambazo wanawake na wasichana hushambuliwa, na mama anapokwenda kuni, kuna msichana anayebaki na wadogo zake.

Msichana huyo ndiye kipimo kizuri cha kituo. Akiwa na umri wa miaka 12 na mdogo wake mgongoni, atafika mlangoni na kukuta sharti kwamba walio chini ya miaka mitano hawaingii, na sharti hilo, hata kama limeandikwa kwa nia njema ya kuzuia vurugu, humfungia nje yeye na si mdogo wake tu. Suluhisho si gumu: pembe moja ya kituo itandikwe jamvi, iwekwe chini ya mlezi mwenye uzoefu wa watoto wachanga, na dada aruhusiwe kumlaza mtoto humo na kwenda kucheza rede kwa saa moja bila kuitwa. Saa hiyo moja ina thamani kubwa kuliko vifaa vingi vya gharama, kwa sababu ni nadra kwa msichana wa rika lake kupata muda usiokuwa na kazi ndani yake.

Ratiba ya kufungua kituo nayo hutokana na uchunguzi huo. Kituo kinachofunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa saba mchana, kwa kuwa ndizo saa ambazo gari la shirika lipo kambini, huwapokea wale tu ambao tayari wana nafasi, huku mvulana anayefanya kibarua katika mashamba ya jirani, mtoto anayeongoza kaya baada ya kufiwa na wazazi na mtoto mwenye ulemavu anayengoja mtu wa kumsukuma wakiwa hawamo katika daftari la mahudhurio. Daftari hilo, kwa hiyo, halipaswi kusomwa peke yake. Lilinganishwe na orodha ya kaya ya kijiji husika ndani ya kambi, ili ijulikane ni nani hajawahi kufika, na mlezi mmoja apewe kazi ya kwenda nyumbani kuuliza kwa upole, bila kulaumu.

Kuchora njia

Baada ya saa hufuata njia. Mbinu inayofaa ni kuwaomba watoto wachore kambi yao chini, kwa vijiti, mawe na majani, wavulana katika kundi lao na wasichana katika lao, wakiweka jiwe mahali wanapopenda kwenda na jani kavu mahali wanapopaogopa. Ramani za watoto hazifanani na za wahandisi. Huonyesha choo cha jumla ambacho jioni hakipitiki, korongo linalojaa maji, kibanda cha video ambacho vijana wakubwa hukaa mlangoni, nyumba inayouza pombe, au mtu mmoja tu ambaye mbwa wake hajafungwa. Anayeongoza zoezi hilo asiulize mbele ya kundi kwa nini mahali fulani panaogopwa, kwa kuwa jibu linaweza kuwa jambo lililompata mmoja wa waliopo. Inatosha jani liwekwe, na maswali yafanywe baadaye na mtu mwenye mafunzo, faraghani.

Ikishanakiliwa ramani hiyo, mwandaaji aitembee mwenyewe, kwa mguu na kwa saa ileile ambayo watoto watapita, kwa sababu njia iliyo salama saa nne asubuhi huweza kuwa nyingine kabisa saa kumi na mbili jioni. Kituo kiwe karibu na shule au zahanati ikiwezekana, lakini mbali na barabara ya malori ya mgao, mbali na ghala, na mbali na kituo chochote cha polisi au wanamgambo ambacho mtoto aliyekimbia watu wenye sare atakiona kama tishio. Sungusungu wa kambi, yaani walinzi wa jadi wanaoteuliwa na wakimbizi wenyewe, wanaweza kuombwa wapite njia hiyo saa za kufungua na kufunga, ila wasiwekwe mlangoni na marungu.

Mwandaaji atakapogundua kwamba kiwanja kimoja kikubwa kitawalazimisha watoto wa upande wa pili kuvuka barabara na soko, ni afadhali achague vituo vitatu vidogo vilivyo chini ya miti kuliko kimoja chenye lango zuri. Uchaguzi huo huongeza kazi ya usimamizi na hupunguza nafasi ya kuweka ubao mkubwa wa majina ya wafadhili, lakini ndio unaowafikia watoto wadogo, ambao hawaruhusiwi kwenda mbali na ambao ndio wanaonufaika zaidi.

Kiwanja, uzio na kivuli

Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika mengi huutumia kama kipimo cha chini cha misaada ya dharura, hutaka kambi iwe na angalau mita za mraba 45 kwa kila mtu, zikihesabiwa pamoja na njia, masoko na maeneo ya huduma, na ukanda usiojengwa wenye upana wa mita 30 kwa kila mita 300 za makazi ili moto usivuke. Kanda hizo za moto huwavutia waandaaji wa viwanja vya michezo, na kwa mpira hakuna ubaya, mradi pasijengwe kitu kinachoweza kuwaka. Mashaka huanza pale ambapo kituo hupewa ardhi iliyobaki, ile ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu hutuama maji. Mkoani Kigoma, ambako mvua hunyesha tangu mwishoni mwa mwaka hadi karibu Mei, ardhi ya namna hiyo hugeuka kuwa tope na mazalia ya mbu kwa miezi mingi. Mteremko mdogo wenye mtaro uliochimbwa kando ni bora kuliko uwanda mzuri wa kiangazi. Huko Kakuma, katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, hesabu ni tofauti: jua na vumbi ndiyo adui wa kila siku, na laga, yaani mto wa msimu uliokauka, huweza kufurika ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, hivyo kituo hakijengwi kando yake hata kama kuna miti.

Miti iliyopo isikatwe. Trekta la kusawazisha likiingia kwanza na mwandaaji akaja baadaye, kivuli kilichohitaji miaka 20 kukua hupotea kwa asubuhi moja, na maturubai yatakayonunuliwa kukirudisha hayatadumu misimu miwili.

Uzio una kazi ya kumjulisha mlezi nani ameingia na nani ametoka, wala si kazi yake kuwaficha watoto. Kwa hiyo uwe mfupi kiasi kwamba mama anayepita aone yanayotendeka ndani, na uwe na milango miwili, mmoja ukitumika kila siku na mwingine ukiwa wa dharura, usiofungwa kwa kufuli wakati watoto wapo. Ua wa miti ni rahisi na hupendeza, lakini mnyaa, ambao hupandwa sana kama ua katika vijiji vya kanda ya ziwa, haufai hata kidogo, kwa kuwa utomvu wake huunguza ngozi na huweza kuharibu macho ya mtoto anayevunja tawi kwa mchezo. Seng'enge yenye miiba nayo iepukwe, kwa sababu ya majeraha na pia kwa sababu kuna watoto waliowahi kuiona mahali pengine.

Jengo linaloonekana ndani

Kituo kinaweza kuanza chini ya mti, kikahamia kwenye hema, kisha kwenye jengo la matofali, na hatua hizo zisichukuliwe kuwa ngazi ambayo kila mtu lazima aimalize. Hema kubwa la mita za mraba 72, kama yale yanayoletwa na UNICEF, hufaa kwa miezi ya mwanzo, ila saa sita mchana huwa kama tanuri, hivyo pande zake ziwe zinakunjwa, na liwekwe likielekezwa kwenye upepo. Jengo la matofali ya udongo lenye paa la bati hudumu zaidi lakini lina kasoro inayosahauliwa katika michoro, nayo ni sauti: mvua ikishuka juu ya bati tupu, sauti ya mlezi haisikiki na watoto waliowahi kusikia milipuko hushtuka. Tabaka la nyasi, mikeka au mbao nyepesi chini ya bati hupunguza kelele na joto kwa pamoja, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kupaka kuta rangi. Mfano unaostahili kutazamwa ni kituo cha sanaa kilichojengwa Bidi Bidi, wilayani Yumbe nchini Uganda, ambacho kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa na ambacho paa lake linakusanya maji ya mvua. Si kila kambi itaweza kujenga kitu cha ukubwa huo, lakini wazo la paa linalofanya kazi mbili linaweza kuigwa kwa bati kumi na pipa moja.

Kanuni kubwa ya ndani ni kwamba hapawi na mahali ambapo mtu mzima mmoja anaweza kukaa na mtoto mmoja bila kuonekana. Kuta ziishie kiunoni kwa mtu mzima, au ziwe na madirisha mapana yasiyo na mapazia. Ghala la vifaa liwe dogo kiasi kwamba mtu hawezi kuingia na kufunga mlango. Ofisi isijengwe nyuma. Hata hivyo, mtoto anaweza kuwa na neno ambalo hataki wenzake walisikie, na hapo usalama na usiri huonekana kama vinapingana. Havipingani iwapo mwandaaji atatenganisha kuonekana na kusikika: benchi lililowekwa chini ya mti, hatua 15 au 20 kutoka kwenye kundi, huwafanya mlezi na mtoto waonekane na kila mtu wala wasisikiwe na yeyote. Benchi hilo litumike pia kwa kusuka nywele, kusimuliana hadithi na kula, ili kukaa pale kusimtangaze mtoto kuwa ana tatizo.

Vyoo vinahitaji uangalifu uleule. Kipimo cha Sphere kwa shule, ambacho hutumika pia kwa vituo vya aina hii, ni tundu moja kwa wasichana 30 na moja kwa wavulana 60, na lita tatu za maji kwa mtoto kwa siku kwa ajili ya kunywa na kunawa mikono. Vyoo vya wasichana vitenganishwe, viwe na komeo la ndani lililo chini kiasi cha kufikiwa na mtoto wa miaka mitano, pamoja na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya taulo za kike. Tundu la watoto wadogo liwe jembamba, maana hofu ya kutumbukia ndiyo huwafanya wajisaidie nyuma ya ukuta. Kibuyu chirizi, yaani dumu linaloning'inizwa na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu, kiwekwe mlangoni mwa choo na mlangoni mwa kituo, pamoja na sabuni iliyofungwa kwa uzi. Hakuna haja ya kueleza sana umuhimu wake katika mkoa ambao Mei 2015, katika kijiji cha Kagunga kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kiliwazukia maelfu ya Warundi waliokuwa wakingoja kuvushwa kwa meli ya Liemba hadi Kigoma mjini.

Kuhusu ulemavu, njia ya mteremko laini mlangoni na choo chenye mlango mpana na mhimili wa kushika vijengwe tangu mwanzo.

Walezi

Mwongozo uliotolewa mwaka 2007 na kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada kuhusu afya ya akili na msaada wa kisaikolojia na kijamii huupanga msaada huo katika matabaka manne: chini kabisa kuna usalama na mahitaji ya msingi kwa wote, juu yake kuna kuimarisha familia na jamii, kisha msaada mahususi unaotolewa na watu waliofundishwa ingawa si wataalamu, na juu kabisa kuna matibabu ya wataalamu kwa wachache. Kituo rafiki kwa watoto kimo hasa katika tabaka la pili, na kukumbuka hivyo huwaokoa walezi na jaribio la kuwa waganga. Kiwewe, yaani hali ya mtu kuendelea kuishi na mshtuko wa tukio la kutisha baada ya tukio lenyewe kupita, hakiondolewi kwa kumtaka mtoto achore vita au asimulie jinsi baba yake alivyouawa. Watoto wengi hutengemaa kadiri siku zao zinavyokuwa na utaratibu, walezi wasiobadilika na marafiki. Wachache wasiotengemaa, wanaoendelea kukosa usingizi, kujikojolea, kujitenga au kujidhuru kwa majuma mengi, ndio wanaopaswa kupelekwa kwa mtaalamu. Mlezi akae na mtoto anayetaka kuzungumza, amsikilize, asimhoji.

Walezi wenyewe watafutwe miongoni mwa wakimbizi, wanawake kwa wanaume, na kwa kawaida hulipwa posho badala ya mshahara kamili, jambo linaloeleza kwa nini wengi huacha kazi mara wapatapo riziki bora. Kila kuondoka kwa mlezi ni kuachwa kwingine kwa mtoto ambaye ameachwa mara nyingi, kwa hiyo ni busara bajeti ya rangi na fulana ipunguzwe na ile ya posho na mafunzo iongezwe. Idadi inayopendekezwa katika miongozo mingi ni watu wazima wawili kwa watoto wasiozidi 15 wa umri wa miaka miwili hadi minne, wawili kwa 20 wa miaka mitano hadi tisa, na wawili kwa 25 hadi 30 kwa wakubwa zaidi. Neno la kutazamwa hapo ni "wawili": mlezi mmoja hata kwa watoto kumi hatoshi, kwa sababu mmoja akipeleka mgonjwa zahanati kundi hubaki bila mtu. Kabla ya kuajiriwa, kila mlezi aulizwe habari zake kwa majirani wa kijiji chake na kwa kamati ya wazazi, asaini kanuni za maadili zilizoandikwa kwa lugha anayoielewa, na aelezwe wazi kwamba kupiga, kutukana, kutuma watoto kazi za nyumbani kwake au kuwa na uhusiano wa kimapenzi na yeyote aliye chini ya miaka 18 ni sababu ya kufukuzwa na kushtakiwa.

Lugha huamua nani atajisikia nyumbani. Katika Nyarugusu kuna watoto wanaozungumza Kibembe, Kifulero na Kiswahili cha Kongo, na wapo wa Kirundi, nao husoma kwa mitalaa ya nchi walizotoka na si wa Tanzania. Mlezi Mtanzania ambaye husahihisha kila neno la mtoto wa Fizi au Uvira, huko mashariki mwa Kongo, akimwambia kwamba Kiswahili chake kimeharibika, humnyamazisha. Ni afadhali yeye ajifunze maneno ya watoto kabla ya kuwafundisha ya kwake.

Mlezi anahitaji pia karatasi moja, na hii ni muhimu kuliko vitabu vyote vya mafunzo: orodha ya rufaa, yaani majina ya ofisi na watu wanaopaswa kupokea kila aina ya tatizo, pamoja na saa wanazopatikana na nani atamsindikiza mtoto. Mtoto aliyebakwa apelekwe kituo cha afya haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na taarifa ifike kwa ofisa ustawi wa jamii, ambaye chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ana wajibu kwa watoto walioko Tanzania. Mtoto asiyeandamana na mtu mzima yeyote mwenye wajibu juu yake, na yule aliyetenganishwa na wazazi lakini yuko na ndugu, waandikishwe kwa ajili ya utafutaji wa familia, ila wasitengewe meza, kofia wala kundi lao ndani ya kituo. Taarifa za mtoto ziandikwe kwa namba badala ya jina, zifungiwe, na zisisomwe na mgeni, hata awe ametoa fedha zilizojenga kituo.

Michezo, ngoma na ratiba

Utaratibu wa siku uwe uleule: kukaribishana, mchezo wa pamoja, makundi, kunawa, hadithi, kuagana. Makasha ya michezo yanayoletwa na mashirika yana faida mwanzoni, lakini mipira hupasuka na kalamu huisha, na kituo kilichotegemea kasha hufa pamoja nalo. Chandimu, mpira wa mifuko na kamba, hushonwa na watoto wenyewe. Mdako huhitaji mawe tu. Ukuti, kombolela na kuruka kamba havihitaji hata hayo. Bao hujulikana pande zote mbili za Ziwa Tanganyika, ingawa majina na sheria hutofautiana, na wazee huwa tayari kulifundisha. Uwanja ugawiwe kwa saa, la sivyo wavulana wa mpira wataumiliki mpaka jua litue na wasichana watasimama pembeni kama watazamaji.

Ngoma za Warundi, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, huwavuta watoto na wazazi kwa pamoja, nazo huleta swali ambalo mwandaaji hawezi kulikwepa, kwa kuwa mila huwapa wanaume upigaji wake na amri iliyotolewa Burundi mwaka 2017 iliwakataza wanawake waziwazi. Msichana akiomba fimbo ya ngoma, mlezi asimfukuze wala asimpandishe jukwaani siku hiyohiyo. Jambo hilo lipelekwe kwenye kamati ya wazazi, ambako mara nyingi hupatikana njia, kwa mfano kutumia madumu na makopo ambayo hayana heshima ya ngoma ya kifalme, huku mazungumzo yakiendelea.

Vijana ni sehemu dhaifu ya vituo hivi. Tathmini zilizofanywa na World Vision pamoja na Chuo Kikuu cha Columbia katika nchi kadhaa, Uganda na Ethiopia zikiwamo, zilionyesha kwa jumla kwamba watoto wadogo hunufaika zaidi kuliko wenye umri mkubwa, na kwamba manufaa hutegemea sana ubora wa shughuli. Kijana wa miaka 16 hatakuja kuimba na watoto wa miaka sita. Anataka ujuzi unaoweza kumpa kipato, uwanja saa za jioni, mahali pa kuchaji simu na mtu mzima anayezungumza naye kama mtu, na vijana wenyewe ndio wanaopaswa kuulizwa kipi kitangulie. Iwapo fedha hazitoshi kwa makundi yote mawili, ni uaminifu zaidi kutangaza kwamba kituo ni cha watoto wadogo kuliko kuwaorodhesha vijana katika ripoti.

Malalamiko na siku ya kufunga

Sanduku la maoni lililotundikwa ukutani halimsaidii mtoto asiyejua kuandika, wala yule ambaye anayemlalamikia ndiye mwenye ufunguo. Kinachofaa zaidi ni watu wawili, mwanamke na mwanamume, wasiofanya kazi kituoni, wanaopita siku inayojulikana na ambao watoto wameonyeshwa nyuso zao; pamoja nao, kamati ya wazazi ikutane kila mwezi bila walezi kuwapo kwa nusu ya kikao. Lalamiko likifika, aliyelileta aambiwe limefikia wapi, hata kama jibu ni kwamba bado linachunguzwa.

Kituo hupangiwa kufungwa siku kinapofunguliwa. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021 na wakazi wake kuhamishiwa Nduta, na kambi nyingine yoyote yaweza kupunguzwa, kuhamishwa au kumalizwa kwa uamuzi ambao mwandaaji hatashirikishwa. Makubaliano ya maandishi yaonyeshe tangu mwanzo nani atapewa bati, milango na magoli, iwe ni shule ya kambi au kijiji cha wenyeji kilichopakana nayo, ambacho watoto wake, ikumbukwe, walipaswa kukaribishwa muda wote. Watoto waambiwe majuma kadhaa kabla, kwa maneno ya kweli, na ratiba iendelee bila kubadilika hadi siku ya mwisho. Mafaili ya watoto ambao shauri lao halijakwisha yakabidhiwe kwa ofisa ustawi wa jamii kwa saini, nakala zilizobaki zichomwe mbele ya mashahidi wawili, na orodha ya watoto wanaohitaji kufuatiliwa ifike kambi mpya, mkononi mwa mtu anayeitarajia, kabla ya basi la kwanza kuondoka.